Mita Moja Mbele ya Bodi

Ijumaa, 10 Juni 2005

Baridi ya kukata. Nimevaa soksi mbili na bado vidole vya miguu sivisikii. Nimezunguka jengo lote, orofa kumi na moja, kutoka tangi la paa hadi mapokezi. Taa mbili za ngazi zimeungua, nimebadilisha. Jenereta imekubali kuwaka mara ya tatu. Lifti ya kushoto inanung'unika, ndiyo tabia yake. Saa nne nimeketi karakana na kikombe cha chai, nikajaza fomu ya ukaguzi ya kila Ijumaa. Tiki kumi na mbili, sahihi, trei ya meneja. Nimemaliza.

Ile karatasi bado iko kando ya lifti. Wiki ya nne sasa. Imetiwa ndani ya plastiki isilowe, ikabandikwa selotepu pembe zote. Inasema mlipuko katika chumba cha stima ulitokea kwa sababu "fundi J. Njoroge hakufuata utaratibu wa usalama". Chini, sahihi ya meneja wa jengo, Githinji, yenye mikia mirefu. Kila anayengoja lifti anaisoma, maana hakuna kingine cha kusoma. Leo mawakili wawili wa orofa ya sita wameisoma, mmoja akatikisa kichwa. Nilikuwa na spana mkononi. Nikaiweka mfukoni haraka.

Mzee Njoroge ndiye aliyenifunza kazi. Miaka saba nimekuwa naye, kwanza nikibeba mfuko wake, baadaye nikifanya naye kazi bega kwa bega. Hakuna fundi mwangalifu kumshinda katika mtaa huu mzima wa Upper Hill.

Githinji atalipa. Sijui vipi. Lakini atalipa.

Jumatatu, 13 Juni

Saa ya chakula nimeteremka hadi hospitali kuu. Wodi ya walioungua ina harufu ambayo inabaki kwenye sweta hadi jioni. Mzee amefungwa bendeji mikono yote hadi viwiko. Vidole viwili vya mkono wa kulia wamevikata wiki iliyopita. Nyusi hazijarudi. Nimemlisha uji kwa kijiko na sote wawili tukajifanya ni jambo la kawaida.

Ameuliza kama jenereta inawaka. Nikasema inawaka. Ameuliza kama ile karatasi bado iko. Nikasema imetolewa.

Nimemdanganya mgonjwa. Hilo pia naliweka kwenye hesabu ya Githinji.

Jumatano, 15 Juni

Niandike jinsi ilivyokuwa, isije siku moja hata mimi nikaanza kuamini karatasi.

Chumba cha stima kiko chini kabisa, kando ya maegesho. Bodi kuu ya swichi imesimama ukutani, sanduku la chuma refu kunishinda. Mbele yake panatakiwa kuwa wazi, mita moja, bila kitu chochote. Si urembo. Kitu kikilipuka usoni mwako, mwili wenyewe unaruka nyuma, na nyuma pawe na mahali pa kurukia. Mzee alikuwa na kijiti kwa ajili hiyo. Mpini wa ufagio uliokatwa mita moja kamili, rangi nyekundu ncha zote mbili. Alinifunza: weka ncha moja kwenye mlango wa bodi, zungusha. Kijiti kikigonga kitu, usifungue.

Miaka miwili iliyopita Githinji aliwapangishia wahasibu wa orofa ya tatu chumba hicho kama stoo. Kabati nane za chuma, zimejaa faili. Kutoka bodi hadi kabati kukabaki nafasi ya mtu mwembamba aliyezuia pumzi. Mlango wa bodi ukawa unafunguka nusu tu. Nilimsikia Mzee kwa masikio yangu akimwambia Githinji, mara mbili, hapo hapo mapokezi. Githinji alimpigapiga begani akaingia kwenye gari.

Siku ile ya Mei stima ilipotea, ikarudi, Mzee akashuka kurudisha swichi kuu. Ikalipuka. Akaruka nyuma, akagonga kabati, kabati zikamrudisha kwenye moto. Hiyo ndiyo hadithi. Kama angekuwa na mita yake moja angeungua nyusi tu, tungemcheka hadi Krismasi.

Siku ya tatu baada ya ajali kabati zilikuwa zimerudishwa mahali pake. Zimefutwa moshi kwa kitambaa.

Ijumaa, 17 Juni

Fomu ya Ijumaa. Tiki, sahihi, trei.

Chumba cha stima ndicho chenye joto pekee katika jengo hili, na Juni hii kila mtu amekigundua. Mama Shiru wa chai ametundika matambara ya kupangusa sakafu juu ya bomba la nyaya yakauke. Birika lake la umeme liko pale pale. Askari wa maegesho ameleta kiti. Nimemwambia Mama Shiru si mahali pa kukaa. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye ninayeumwa.

"Haki Mwende, hapa ndio kuna joto peke yake hii building. Unataka nikufe na baridi huko juu?"

 Nikanywa chai yake nikiwa nimesimama mlangoni. Tangu Mei siingii chumba hicho ila nikilazimika.

Jumanne, 21 Juni



Saa tano asubuhi stima ilipotea. Ikarudi baada ya dakika kumi, lakini swichi kuu haikushika. Ni ile ile iliyomlipukia Mzee, imeungwaungwa kwa vipuri vya zamani, kwa amri ya Githinji. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiisikiliza. Kulikuwa na harufu kidogo. Labda vumbi. Labda siyo.

Githinji akashuka mwenyewe. Hashuki kamwe, lakini leo wenye jengo walikuwa na mkutano orofa ya kumi na moja, gizani. Suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa. Hakunisalimia.

"Sasa wewe madam fundi unangoja nini? Si ni kusukuma tu hiyo kitu?"

Akajipenyeza kati ya bodi na kabati. Tumbo lilikwama, akalivuta ndani. Akashika mpini wa swichi. Uso wake mbele ya mlango, kabati mgongoni. Alisimama palepale aliposimama Mzee. Hata urefu wao unalingana.

Nilinyamaza. Naandika ukweli. Nilinyamaza, na nilifurahi. Nilifikiri: sukuma. Nilifikiri juu ya vidole viwili. Nilifikiri juu ya bendeji na uji. Sukuma, bosi.

Kisha mdomo wangu ukapiga kelele: toka!

Sio mimi. Ni Mzee, miaka saba ya Mzee ndani ya koo langu. Githinji akaruka kama mbuzi. Nikavaa glovu, nikasimama kando, nikageuza uso, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo kama nilivyofunzwa, nikasukuma. Ikashika. Kimya. Hakuna hata cheche.

Githinji akacheka. Akapangusa vumbi la kabati kwenye koti lake na kusema ati mafundi ni watu wa drama. Akapanda juu.

Jumatano, 22 Juni

Sikulala vizuri. Nina hasira na mdomo wangu.

Sikumwokoa kwa wema. Sina wema kwake. Na kumbe hapakuwa na kitu cha kumwokoa, ndiyo maana alicheka. Sasa ananiona mwoga.

Lakini pia nimejua jambo moja. Ningenyamaza na swichi ikalipuka, angekuwa mgonjwa wa kuhurumiwa, na maua mezani. Karatasi ingebaki pale pale kando ya lifti. Sitaki Githinji aungue. Nataka asomwe. Nataka watu wangoje lifti na wamsome yeye.

Ijumaa, 24 Juni

Fomu. Mvua ya manyunyu tangu asubuhi. Kutoka nyumbani Mountain View hadi kazini sikuliona jua hata mara moja.

Mzee ameanza kukaa kitandani bila kuegemea. Amesema wakimruhusu ataenda nyumbani kwake Kinoo akaone ng'ombe wake. Mkewe amesema ng'ombe hana shida, yeye ndiye mwenye shida. Tumecheka kidogo.

Jumatatu, 4 Julai

Nafasi imekuja yenyewe! Nimekaa karakana nikicheka peke yangu.

Mkaguzi wa bima anakuja Jumanne ijayo. Huja kila Julai. Na kila Julai tunafanya mambo yale yale: siku moja kabla, mimi na Mzee na vibarua wawili tunatoa kila kitu chumba cha stima, tunakirundika nyuma ya jenereta chini ya turubai. Tunapaka upya mstari wa njano sakafuni. Mkaguzi anakuja, anaona chumba kinang'aa, anatia sahihi, anakunywa chai ya Mama Shiru. Kesho yake kabati zinarudi. Mchezo wa kuhama na kurudi, miaka nenda miaka rudi. Kabla ya kabati za wahasibu zilikuwa katoni, na kabla ya katoni mapipa ya rangi.

Githinji ameniita ofisini. Hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Monday utoe zile vitu zote, upige rangi. Wednesday unarudisha. Ni ya one day tu. Unajua hiyo routine."

Naijua, bosi. Naijua vizuri sana.

Sitatoa kitu.

Ijumaa, 8 Julai

Siku nne. Nina furaha mbaya. Natembea ngazini nikiimba kwa pua. Githinji amenikuta mapokezi akasema naona leo uko na mood poa. Nikamwambia ni kwa neema ya Mungu.

Nimepiga hesabu zangu zote. Yeye hashuki chini, na tangu ile Jumanne anapaogopa zaidi, ingawa anajifanya. Atauliza kwa simu. Nitajibu kwa simu. Atamleta mkaguzi mwenyewe, atafungua mlango mwenyewe, mbele ya mmoja wa wenye jengo. Atasimama pale na suti yake na kabati zake nane. Hakutakuwa na wa kumsingizia, maana Mzee yuko wodini.

Vibarua nimewaambia mwaka huu hatuwahitaji.

Fomu nimejaza. Chai ilikuwa tamu.

Jumatatu, 11 Julai

Nimefanya kazi kutwa na nimeipenda kila dakika.

Kwanza nimetoa vya Mama Shiru: birika, matambara, kikapu cha vikombe. Nimevipeleka jikoni orofa ya pili. Kisha kiti cha askari. Hawa sina ugomvi nao, na wakikutwa humo wao ndio watakaofukuzwa kwanza, naijua nchi yangu. Mama Shiru amelalamika juu ya baridi hadi nikampa sweta langu.

Kabati nimeziacha. Zote nane.

Halafu rangi. Nimechukua kijiti cha Mzee, nimepima mita moja kutoka mlango wa bodi, nimechora mstari kwa chaki. Nikapaka njano. Mstari umefika kwenye kabati nami sikusimama. Nimepanda nao ukingoni mwa kabati ya kwanza, juu ya droo, nikashuka upande wa pili, nikaendelea hivyo hadi ya mwisho. Sasa kila kabati ina mkanda wa njano tumboni. Hata kipofu ataona zilipopaswa kuishia. Nimerudi mlangoni kutazama. Sijawahi kupaka rangi nzuri hivyo.

Saa kumi Githinji amepiga simu.

Tayari?

Tayari, bosi. Rangi bado mbichi, mtu asikanyage.

Jumanne, 12 Julai

Niandike polepole.

Mkaguzi ni mtu mfupi, mkimya, ana tochi yake mwenyewe. Githinji alitangulia akisimulia habari za viwango na usalama. Mama mmoja mwenye jengo alikuwa nyuma yao na koti zito. Mimi wa mwisho, kijiti mkononi.

Githinji akafungua mlango.

Hiyo sura nitaitunza. Mdomo ulibaki wazi katikati ya neno "usalama". Shingo ikapanda rangi. Akanitazama, nami nikamtazama bila kupepesa, na akajua. Ilichukua muda kama wa kupiga chafya, lakini nimeingoja tangu Mei na niliila yote.

Mkaguzi akawasha tochi. Alimulika mkanda wa njano, kabati moja baada ya nyingine. Akatoa tepu yake. Sentimita hamsini na tano. Akajaribu kufungua mlango wa bodi, ukagonga droo. Akauliza hapa ndipo yule fundi alipoumia? Nikajibu mimi, kabla ya mwingine: ndipo, na kabati zilikuwepo.

Nilidhani imekwisha. Nilidhani nimeshinda. Githinji akajipangusa jasho, akasema kwa sauti ya upole kabisa ati yeye pia ameshtuka. Ati hajui hivi vitu viliingia lini. Ati ana kumbukumbu za kila wiki. Akamtuma karani juu. Karani akarudi na faili la bluu.

Fomu za Ijumaa.

Mkaguzi alizifungua juu ya kabati, akamulika. Namba saba katika orodha: nafasi mbele ya bodi kuu, mita moja, wazi. Tiki. Akageuza. Tiki. Akageuza. Tiki. Sahihi yangu, tarehe kwa mwandiko wangu. Ijumaa iliyopita. Ijumaa kabla ya hiyo. Wiki moja baada ya Mzee kuungua, siku ambayo bado nilikuwa na masizi yake chini ya kucha: tiki.

Kila Ijumaa nilikuwa nimeketi karakana na chai. Kumi na mbili, harakaharaka, kutoka juu hadi chini. Sikuwahi hata kusoma namba saba. Tunajaza hivyo. Kila mtu anajaza hivyo.

Mkaguzi akaniuliza kama hiyo ni sahihi yangu.

Nikasema ndiyo.

Jumatano, 13 Julai

Barua ya kusimamishwa kazi imeningoja langoni, mkononi mwa askari yule yule wa kiti. Hakuweza kunitazama. Kando ya lifti, amesema, kuna karatasi ya pili. Ya Mzee juu, yangu chini.

Nimetembea kutoka Upper Hill hadi katikati ya mji, kutoka huko nikapanda hadi Westlands, na kutoka Westlands hadi nyumbani. Miguu inawaka. Nimeshika kijiti njia nzima, watu wakinipisha.

Nilichimba shimo zuri. Nilipima kila kitu isipokuwa mahali nilipokuwa nimesimama mimi.

Chuki yangu kwa Githinji haijapungua leo. Ni vile sasa tuko wawili ninaowachukia.

Jumamosi, 16 Julai

Mzee ametoka hospitali jana. Nimekwenda Kinoo kumwona. Alikuwa amekaa nje kwenye jua kidogo lililojitokeza, blanketi magotini, anamtazama ng'ombe. Mkewe alileta chai na mahindi ya kuchemsha akatuacha.

Nimemwambia yote. Kwamba karatasi haikutolewa, nilimdanganya. Swichi, kabati, rangi ya njano. Aliposikia habari ya mkanda kwenye droo alicheka hadi akakohoa. Kisha nikamwambia faili la bluu, naye akaacha kucheka.

 Ng'ombe alikojoa, tukamsikiliza.

"Mwende, wewe ulifunzwa na nani kujaza hiyo fomu?"

Nikageuza kijiti mikononi.

"Ni mimi. Nilikuambia weka tiki zote, hakuna mtu anasoma. Mimi nimeweka tiki miaka kumi na moja. Hata ile Ijumaa kabla niungue, nimeweka. Na hizo kabati zilikuwa hapo, naziona na macho yangu. Hiyo karatasi yako ya lift si uongo yote."

Nilikasirika. Nilisimama. Nilimwambia Githinji ndiye aliyeweka kabati, nilimwambia yeye mwenyewe alimlalamikia Githinji mara mbili. Akasema alilalamika na mdomo, lakini kwa kalamu kila wiki alisema ni sawa. Sasa mkaguzi afuate gani, mdomo ama kalamu?

Nikalia kwa hasira mbele ya ng'ombe. Sikumlilia Mzee. Nilililia zile wiki zote nilizobeba kisu bila kujua kina makali pande mbili.

Kabla sijaondoka aliniomba kijiti. Akakishika kati ya bendeji na kifua. Akasema kijiti alikuwa anakitumia siku za kufungua bodi tu. Ijumaa hakuwahi kushuka nacho.

Jumatatu, 18 Julai

Bado nataka aanguke. Mzee hakunitoa hilo, wala hakujaribu.

Nimeandika maelezo, kurasa nne, kwa mkono. Nimeanza na mimi. Kwamba nilitia tiki namba saba kila Ijumaa bila kushuka. Kwamba nilitia tiki hata baada ya mlipuko. Kisha nikaandika aliyetufunza, kwa idhini yake. Kisha kabati, nani alizileta na kwa amri ya nani. Kisha kuhama na kurudi kila Julai, turubai nyuma ya jenereta, vibarua kwa majina, watakaoulizwa. Na kwamba mwaka huu niliacha kusudi, kwa kisasi. Hilo neno nimeliandika wazi. Nikianza kuchagua ukweli upi wa kuandika, nitakuwa nimerudi kwenye tiki.

Jioni nimempelekea Mzee Kinoo. Ametia kidole gumba cha kushoto kwenye wino. Bendeji imepata doa la bluu na mkewe amenigombeza.

Jumanne, 19 Julai

Ofisi ya bima, katikati ya mji, orofa ya nne. Mkaguzi alisoma kurasa zote nne mbele yangu, bila haraka. Akaniuliza kama najua kwamba hii itanigharimu leseni ya ufundi. Nikasema najua. Akaniuliza kwa nini basi.

Nikamwambia kwa sababu namchukia Githinji, na hii ndiyo njia pekee ambayo hawezi kunijibu kwa sahihi yangu.

Aliandika hilo pia.

Jumanne, 26 Julai

Mama Shiru amekuja nyumbani Mountain View, amevaa sweta langu. Ameleta habari zote, moja moja, na mandazi.

Mkaguzi alirudi Alhamisi na wenzake wawili. Wakazima jengo zima, wakatia lakiri kwenye bodi. Siku mbili bila stima. Mawakili walipanda ngazi orofa sita na koti zao nyeusi, wakimtukana meneja kwa Kiingereza safi. Wahasibu walihamisha kabati zao wenyewe, mikanda ya njano ikionekana maegesho yote. Vibarua waliulizwa, wakasema. Ijumaa wenye jengo walimwita Githinji orofa ya kumi na moja. Alishuka na sanduku la katoni na picha ya watoto wake. Lifti zilikuwa zimezimwa. Alishuka kwa miguu.

Nilimwomba arudie hapo kwenye ngazi. Akarudia.

Nami barua yangu imekuja. Si kusimamishwa tena, ni kufukuzwa. Leseni imezuiwa hadi nitakapofanya mtihani upya. Nimeisoma mara mbili, nikaimeza habari yake pamoja na andazi. Sawa.

Kabla ya kuondoka Mama Shiru alifungua pochi akatoa plastiki iliyokunjwa. Karatasi ya kando ya lifti. Ameitoa mwenyewe. Ameniambia yangu ya chini aliichana, lakini hii ya Mzee imeonekana nzuri, plastiki bado mpya.

Jumamosi, 6 Agosti

Nimemwona Githinji mjini, karibu na posta. Anangoja kuvuka barabara, bahasha ya kaki kwapani, viatu vina vumbi. Hakuniona. Nilisimama nyuma yake hadi gari zikapita.

Nilifurahi. Siandiki uongo hapa. Nilifurahi, kisha akavuka, na furaha ikaisha kama chai ya kikombe kidogo.

Jumamosi, 13 Agosti

Jua limerudi Kinoo. Nimevua koti saa tatu.

Jirani wa Mzee ana kinu cha kusaga unga na amebadilishiwa bodi ya stima na fundi mwenye leseni. Alimwomba Mzee aikague, Mzee akaniita nimshikie tepu. Mkono wake wa kulia unashika kitu kinene, si kalamu. Bodi imefungwa vizuri. Mbele yake magunia ya mahindi, yamepangwa hadi kiunoni.

Sina fomu tena. Nilikuwa na ile karatasi ya lifti mfukoni, nikaitoa kwenye plastiki, nikageuza upande mtupu. Mzee akaweka ncha ya kijiti kwenye mlango wa bodi, akazungusha. Kikagonga gunia.

Mwenye kinu akasema si tuandike tu iko sawa, magunia yatatoka Jumatatu.

Nikapima kwa tepu, nimechuchumaa palepale mbele ya bodi. Nikaandika: nafasi mbele ya bodi, sentimita sabini na mbili. Haitoshi. Nikasaini. Mzee akainama akasoma, akatia kidole chake chini ya sahihi yangu bila wino.

Kisha tukaketi nje juu ya benchi kungoja wahamishe magunia.